Bibi harusi, Ufaransa ya nini na Mtera ipo?



Msimu wa harusi ukifika cherehani yangu hailali, na masikio yangu nayo hayalali. Bibi harusi akisimama kupimwa gauni anasema kila kitu: ukumbi, singo, hina, mpiga picha, nani kaalikwa na nani kaachwa. Na siku hizi kuna kitu kinaitwa dina. Si chakula cha usiku, msije mkakosea. Dina ni meza ya watu wawili, mishumaa, kitambaa cheupe mpaka chini, sahani kubwa kama ungo na chakula kidogo katikati kama kidonge cha malaria.

Mwaka huu bibi harusi watatu wamenionyesha kwenye simu picha za namna moja: nyumba ya wageni ya shamba huko Ufaransa, ukuta wa mawe, maua dirishani, meza chini ya mti. Wanataka hoteli iwatengenezee kitu kama hicho kwa usiku mmoja. Mmoja alikuwa anataka kukopa kikoba kwa ajili hiyo, na huku mahari yake mwenyewe haijamalizwa kulipwa. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na pini mdomoni. Leo sina pini, nitasema.

Sina ugomvi na chakula kizuri. Napenda kula, na naona mtu na mkewe wakila vizuri pamoja ni jambo jema. Ugomvi wangu ni wa fundi. Kuna wateja huniletea picha ya gauni la hariri halafu wananipa kitambaa cha poliesta, wanataka lianguke vilevile. Haliwezi. Mshono unatokana na kitambaa. Na zile meza za mashambani Ufaransa tunazoziiga zimetokana na chakula cha mahali pale. Sisi tumechukua mishumaa, chakula tumekiacha.

Tazameni zilivyoanza. Kampuni ya matairi ya Michelin ilitoa kitabu chake cha kwanza cha wasafiri mwaka 1900, ili wenye magari watembee na matairi yaishe wanunue mengine. Biashara tu, dada zangu. Baadaye wakaanza kuzipa nyota nyumba za chakula, na nyota tatu maana yake ni kwamba chakula cha pale kinastahili kufungiwa safari. Mwaka 1933 mwanamke mmoja, Eugénie Brazier, alipata nyota tatu kwa nyumba yake ya chakula mjini Lyon na nyota tatu nyingine kwa ile ya mlimani Col de la Luère, nje ya mji. Sita kwa pamoja, na hakuna aliyewahi kuzipata kabla yake.

Mama huyo alizaliwa 1895 kwa watu wa shamba, akafiwa na mama yake akiwa na miaka kumi, akawa mtumishi wa mashamba ya watu. Kule mlimani alianzia kwenye kibanda cha mbao kisicho na gesi wala umeme. Watu walimwita Mama Brazier, kama sisi tunavyosema mama fulani, na Lyon ilikuwa na kina mama wapishi wengi wa namna hiyo. Alipika kuku wa wilaya ya jirani, Bresse, wenye sifa ya nyama nzuri, akawapenyezea chini ya ngozi vipande vya uyoga mweusi unaoota ardhini. Paul Bocuse, mpishi aliyekuja kusifika dunia nzima, alijifunza jikoni kwake. Kwa hiyo chanzo cha picha ile mnayonionyesha ni mama lishe. Mama lishe aliyeheshimiwa na kulipwa.

Sasa kwetu yuko wapi mama wa namna hiyo, ambaye mtu anaweza kufunga safari kwa ajili ya sahani yake? Wako wengi. Nitawatajia mahali nilipokula mimi, nikakumbuka mpaka leo, na ni mbali sana na bahari: Mtera.

Nilikuwa nimepeleka nguo za harusi Dodoma, na nyingine zinakwenda Iringa. Barabara kati ya miji hiyo ni kama kilomita 260, na tangu izinduliwe kwa lami mwaka 2018 safari imekuwa nyepesi. Mtera iko katikati, barabara inapita juu ya bwawa lenyewe. Ukitoka Dodoma unaona ukavu, mibuyu imesimama kama wazee wa baraza. (Mnaopenda ubuyu wetu mwekundu wa Unguja, mjue mibuyu ya bara, na ya Dodoma humo, ndiyo inayotulisha.) Halafu baada ya vumbi lote hilo, maji. Mengi mpaka unatafuta jahazi.

Bwawa lile lilijengwa kati ya 1975 na 1980 kwenye mto Ruaha Mkuu, kwanza kutunza maji kwa ajili ya mitambo ya umeme ya Kidatu huko chini. Mwaka 1988 Mtera nayo ikaanza kuzalisha megawati 80 zake. Samaki walikuja na bwawa. Kwa hiyo chakula hiki si cha mababu, hakijafika umri wa mama zetu, lakini kimeshajipatia jina. Dereva yeyote wa njia ile ukimwuliza atakwambia, ukifika Mtera unashuka unakula samaki.

Wifi yangu, tuliyekuwa naye garini, aliguna. Mnatujua watu wa visiwani, samaki asiyetoka bahari ya chumvi tunamwona ana ladha ya tope. Tukaingia kwenye banda la mama mmoja, paa la bati, mabenchi mawili. Swali la kwanza aliloniuliza: "Unataka wa leo au wa jana?" Nimekula hoteli nyingi kwa sababu ya biashara, sijawahi kuulizwa swali hilo. Akachukua perege wa asubuhi ile, akafunua mashavu nione wekundu, akamchanja mbavuni, chumvi, limau, akamwacha kidogo, kisha karaini kwenye mafuta yanayochemka juu ya kuni. Kuni, dada zangu, hatua chache kutoka kwenye mitambo ya umeme!

Kabla ya hapo niliuliza swali langu na mimi. Samaki ni halali yetu bila kuchinjwa, hilo tunalijua, na ndiyo maana ni chakula cha kutuliza moyo kwa Muislamu akiwa safarini bara. Lakini mafuta je? Mama alikuwa Mkristo, rozari shingoni, na hakukasirika hata kidogo. Akasema karai lake halijawahi kuona nguruwe, kitimoto inakaangwa ng'ambo ya barabara, na Waislamu wengi wanakula kwake wanamwuliza hivyohivyo. Wanaotamani dina ya Kifaransa nao waulize. Wapishi wa kule wanatia mvinyo kwenye mchuzi kama sisi tunavyotia tui, na mpishi wa hoteli anayefuata kitabu chao anaweza kuutia bila kukwambia, kwa sababu hukumwuliza.

Binti akaja na jagi na beseni, akatumiminia maji ya vuguvugu mikononi. Kisha perege mzima, mkia umekauka unavunjika kama kaukau, ndani nyama nyeupe inatoa mvuke. Ugali wa mahindi, mlenda wa Kigogo uliotiwa karanga, kachumbari, pilipili pembeni. Wifi alikataa mlenda kwa macho tu, baadaye akauonja, baadaye akaomba bakuli la pili. Hapakuwa na ladha ya tope. Samaki aliyelala kwenye barafu siku tatu akitafuta mnunuzi mjini ni mmoja. Yule aliyetoka majini asubuhi, ukamla mchana, ukiwa unayaona maji aliyotoka, ni samaki mwingine kabisa. Siwezi kumlinganisha na changu wetu, na sitaki. Ni kama kulinganisha doria na kitenge.

Adhuhuri ikaingia. Mama akatandika mkeka nyuma ya nyumba yake, akaleta na kanga safi juu yake, akamfukuza mbuzi aliyekuwa pale. Tukaswali kwa raha.

Sisemi kila kitu kilikuwa sawa. Nzi walikuwepo. Meza ilifunikwa plastiki iliyochanika, na mimi kama fundi iliniuma, kwa sababu mita tatu za kitambaa cha pamba chenye pindo zingebadilisha banda lile zima. Hapakuwa na pazia la kumsitiri mwanamke anayetaka kuvua nikabu ale kwa nafasi, tukageukia ukutani. Hayo yanatengenezeka, tena kwa pesa ndogo. Samaki wa asubuhi ndiye asiyeweza kushonwa.

Nilimlipa elfu kumi kwa sahani kubwa. Pembeni yangu akaja dada mmoja, amevaa vizuri mashaAllah, saa ya dhahabu, akaanza kuvutana na yule mama apunguziwe elfu mbili. Hapo ndipo penye kunikera zaidi kuliko mishumaa yote. Hotelini tunaletewa bili, tunalipa na tunaacha kitu mezani, hata chakula kikija cha baridi. Tukifika kwa mwanamke mwenzetu aliyeamka alfajiri kuwahi wavuvi, tunataka kupunguziwa. Nalijua jambo hili kwa mwili wangu, maana gauni la dukani lenye nembo halina mjadala, la kwangu nililolishona siku tisa kwa mkono linaombewa punguzo mpaka mlangoni. Mama Brazier hakufika pale alipofika kwa kuombwa punguzo. Wafaransa walimlipa bei ya kazi yake na wakamjia na magari.

Mtaniambia fungate ni mara moja, mwache bibi harusi afurahi. Sawa. Lakini fungate yenyewe ilikuwa nini? Siku saba za ndani, somo anaingia na kutoka, sahani zinatoka kwa mama wa bibi harusi zimefunikwa kawa: kuku wa kupaka, mkate wa ufuta, kila siku kitu. Maharusi walikula chakula cha mkono unaojulikana. Hapakuwa na mgeni aliyewapigia picha. Siku hizi fungate ni safari, na mimi sipingi safari. Napinga kukopa ili kula chakula kisicho na kwao, kilichopikwa na mtu usiyemwona, ili watu wengine wakione kwenye simu.

Pesa ya dina moja ya hotelini, kwa bei nilizotajiwa na wateja wangu, inawatosha wawili kulala Dodoma, kukodi gari, kula Mtera, kulala Iringa na kurudi, na deni la kikoba halipo. Mkienda, fikeni kabla ya saa saba, samaki wa asubuhi wanaisha. Ulizeni wa leo. Ulizeni karai. Bei akishaitaja, lipeni hiyo. Na mkiletewa perege mdogo kama kiganja msimchukue hata akiwa rahisi, huyo alitakiwa abaki majini akue. Bwawa linategemea mvua na mito, kuna miaka maji yanarudi nyuma sana, na tukimaliza watoto wa samaki huyu mama hatakuwa na cha kukaanga.

Kitu kitamu cha mwisho wa mlo msikitafute Mtera. Nunueni zabibu Dodoma mjini kabla ya kuondoka, kule ndiko zinakolimwa, na nyingi zinakwenda kutengenezewa mvinyo wakati sisi tunazitaka hivihivi. Zioshe, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, weka chini ya kiti pasipopigwa na jua, na mumeo asizifungue mpaka samaki aishe.