Manyoya mengi ya mbwa huficha mengi

Familia nyingi zinazohamia kwenye viwanja vipya vya Kibaha na Kisarawe huwa na mbwa kabla hata ukuta haujapigwa lipu. Siku hizi anayetafutwa zaidi ni German Shepherd, na akiwa na manyoya marefu ndiyo kabisa. Watoto wanampenda, wezi wanamwogopa. Lakini huyu ni mbwa wa nchi ya baridi. Aina hiyo ilianza kusajiliwa Ujerumani mwaka 1899, kazi yake ikiwa kuchunga kondoo, na Maili Moja mwezi Februari si Ujerumani.

Manyoya yake yana tabaka mbili, ya juu magumu na ya chini laini yaliyosongamana kama pamba. Wapo wazazi wanaomwonea huruma wakamnyoa kwa mashine. Usifanye hivyo. Tabaka la juu humkinga na jua, na likinyolewa huenda lisiote tena vizuri. Kinachohitajika ni kupunguza manyoya ya chini yaliyokufa, kwa kumchana mara mbili au tatu kwa wiki hadi kitana kiguse ngozi.

Mbwa hatoi jasho mwilini kama binadamu, hupoza mwili kwa kuhema ulimi ukiwa nje. Ndiyo maana banda la mabati pande zote, ambalo mafundi wetu wanapenda kulijenga, ni sawa na kumfungia ndani ya oveni. Weka nondo au wavu upande upepo unakotokea, na maji yasikauke. Ukimkuta anahema kwa kasi, anayumba na mate yanamtoka mazito, mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, mpepee, kisha mpigie daktari wa mifugo. Usimfunike kwa taulo lililolowa, litazuia joto kutoka.

Sasa kuna jambo ambalo familia nyingi hazilisemi. Kwa Waislamu wengi wa Pwani mate ya mbwa ni najisi, na hata nyumba nyingine mbwa ni wa kufunguliwa usiku na kufungiwa asubuhi. Miezi inapita hakuna mtu aliyemgusa ngozi. Mbwa wa manyoya mafupi kupe wake huonekana ukiwa umesimama mlangoni. Huyu wa manyoya mengi anaweza kubeba kupe kadhaa na bado akapendeza kwenye picha. Kupe hao humwambukiza magonjwa ya damu. Dalili ni kukosa hamu ya kula, homa, fizi kupauka, wakati mwingine damu puani.

Kwa hiyo mteue mtu mzima mmoja, avae glavu kama ni lazima, apitishe vidole ndani ya masikio, chini ya shingo, kwapani, katikati ya kucha na chini ya mkia. Kupe anang'olewa kwa kibano karibu kabisa na ngozi, kwa kuvuta taratibu bila kumpondaponda. Mafuta ya taa na oili chafu vinaunguza ngozi, na dawa ya kuogeshea ng'ombe ikipimwa kwa makisio inaweza kumuua. Nunua dawa ya mbwa, na banda nalo lipigwe dawa, kwani kupe hutagia kwenye nyufa za ukuta.

Wakati wa masika mkaushe hadi ndani. Unyevu ukibaki chini ya manyoya ngozi huchubuka na kunuka. Watoto wakimchezea wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, na mwenye pumu asiwepo wakati anachanwa.

Vidole hivyo vitafute na majeraha. Mbwa wa ndani ya geti hupigana usiku na mbwa wanaozurura, na alama ya meno ikifunikwa na manyoya hakuna anayejua. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia miezi 3 na kurudiwa kwa ratiba ya daktari, kwa kawaida kila mwaka. Ukiona jeraha la kung'atwa, mwite daktari wa mifugo hata kama kadi ya chanjo ipo, na watoto wakae mbali naye. Mtoto aking'atwa au kukwaruzwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ni wenu.