Mkojo unaochoma si umalaya

Tumechoka. Kila dada wa hapa Kanombe akisema mkojo unamchoma, hajamaliza hata sentensi watu wamekwisha kumhukumu: eti anatembea na wanaume. Basi ananyamaza, anakunywa maji ya moto na ndimu, na siku ya tano anatetemeka kwa homa, ubavu unamuuma, anatapika. Hapo si kibofu tena, ni figo. Na figo haichezewi.

Jamani, tuambiane ukweli. Mara nyingi mdudu wake ni E. coli, anayeishi tumboni mwa kila mtu, hata pasta. Njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi na iko karibu na nyuma, ndiyo maana anaugua kuliko mwanaume. Mtoto mchanga anaugua. Bibi wa miaka 70 anaugua. Nao walitembea na nani?

Kisonono na klamidia nazo zinachoma, hatukatai. Ndiyo kazi ya kupima! Kikaratasi kinachovywa kwenye mkojo, dakika mbili dalili zinaonekana. Maabara wakiuotesha, siku mbili tatu wanajua ni mdudu gani na dawa gani inamuweza. Lakini sisi, mituweli tunayo tangu 2019, bado tunakimbilia farmasi kununua vidonge vinne vya sipro juu faranga za dozi nzima hazipo, na kimoja tunampa rafiki. Ni hivyo wadudu wanazoea dawa. Mjamzito ndiyo kabisa asijinunulie: ugonjwa ukipanda kwenye figo, mtoto anaweza kuzaliwa kabla ya wakati.

Na ninyi wafanyakazi wa mashirika, msicheke, zamu yenu imefika. Mnatuletea mafunzo ya "kunyweni maji, msibane mkojo". Asibane namna gani, saa nane ya usiku, na choo cha wapangaji wote hakina taa wala kufuli? Kisha mnamuuliza dada mambo ya ndani mbele ya foleni, na mkalimani ni kijana wa mtaani kwake. Wakalimani hao ni sisi, na hatukuomba kusikia siri za majirani. Atajibu nini? Atasema kichwa kinamuuma, atapewa parasetamoli, atarudi nyumbani na ugonjwa wake uleule.

Tuliomba mkalimani wa kike na chumba cha faragha. Tukajibiwa: bajeti. Chumba kipo, jamani. Kina mlango. Ufungwe tu.