Kelele au Mikwaruzo?

Tangu mwaka 1989, mji wa Kilifi umekuwa makao ya mradi wa utafiti wa KEMRI na Wellcome Trust. Miongoni mwa waliopimwa umeme wa ubongo huko ni watoto wenye malaria kali na watu wenye kifafa. Umeme huo, ambao Hans Berger aliunasa katika binadamu mwaka 1924, ni hafifu mno: aghalabu makumi machache tu ya sehemu za milioni za volti. Kupepesa macho huufunika. Kuuma meno huufunika. Hata umeme wa ukutani hujipenyeza.

Katika mazoezi ambayo mtu huonyeshwa mawimbi yake ili ajifunze kuyabadili, hatari huzidi: aweza kukaza taya tu, na mashine ikampongeza kana kwamba ametawala ubongo.

Wahandisi huchuja uchafu huo kwa programu. Naam, lakini mwingi huzuilika mapema, kwa maneno. Nasi wanaisimu tumetoa neno gani? “Kelele”! Mwambie mama wa Kibarani, anayesema Kigiriama nyumbani, kwamba kipimo kina kelele; atamnyamazisha mwanawe, na mtoto ataendelea kupepesa macho kimyakimya.

Napendekeza “mikwaruzo”, neno walilolizoea wasikilizaji wa redio. Ubora wake usiamuliwe kwenye makongamano yetu. Twende Kibarani tukawaulize akina mama wameelewa nini.