Gunia si kiazi: acheni kuziharibu fahirisi za mikusanyiko

Haya wasomaji, leo nina hasira, nivumilieni.

Niliitwa Embu kuangalia mfumo wa chama kimoja cha ushirika (jina nalihifadhi) chenye wakulima huku Embu na kule Meru. Walikuwa wametuma SMS kuwaonya wakulima wa viazi juu ya ugonjwa wa ukungu. Mama mmoja wa Kibirichia, ambako kiazi ndicho karo ya watoto, hakupata kitu. Akanyunyiza dawa akiwa amechelewa.

Kisa? Safu ya mazao ni seti: viazi, kabichi, karoti. Programa aliyeandika fahirisi aliifunga seti nzima kama neno moja lenye mikato. Ukiuliza "viazi", unampata anayelima viazi peke yake. Wakarekebisha kwa kutafuta herufi popote ndani ya neno, basi SMS zikawafikia wakulima wa viazi vitamu! Na sote tuna digrii za kompyuta.

Nasema wazi: fahirisi ya mkusanyiko lazima iwe na ingizo la kila kipengee. PostgreSQL inafanya hivyo kwa GIN tangu toleo la 8.2, mwaka 2006. Cassandra ilileta mikusanyiko mwaka 2013, na fahirisi zake katika toleo la 2.1, mwaka 2014. Ndani yake kila kipengee ni seli yake. Kwenye seti, kipengee kimo katika njia ya seli. Kwenye orodha, kimo katika thamani. Kwenye ramani, ufunguo umo katika njia na thamani mahali pake. Ukiandika fahirisi yako mwenyewe bila kujua tofauti hiyo, unafaharasisha hewa.

Na kufuta je? Hapo ndipo wengi huanguka. Mkulima akiacha viazi, ingizo lake liondoke. Akiandikiwa seti mpya yote, maingizo ya zamani yote yaondoke, si yale uliyoyakumbuka tu. Na kwenye orodha, kama "viazi" imo mara mbili ukafuta moja, mkulima bado ana viazi!

Kuna watakaoniambia: "Tumia jedwali jingine, achana na mikusanyiko." Kama vipengee ni mamia, nakubali, mikusanyiko ya Cassandra ni ya vitu vichache. Lakini mazao matano ya shamba la ekari moja? Huo ni uvivu uliovaa tai.

Kama huwezi kuiandika, usiiandike. Hata SASI ya mwaka 2016 ilikataa mikusanyiko waziwazi, na hiyo ni heshima kuliko kujibu uongo. SAI ya Cassandra 5.0, mwaka 2024, inaikubali. Itumie.

Kabla ya kukabidhi kazi, jaribu mambo matatu: mkulima wa mazao mengi, aliyeacha zao moja, na aliyebadilisha yote. Ni dakika kumi tu. Yule mama alipoteza msimu.