Maji ya Barabara ni ya Wizara Gani?

Mama mmoja mjane wa upande wa milimani alifika afisini mwangu na bahasha ya kaki yenye barua sita. Barabara iliyopita juu ya shamba lake ilikuwa imewekewa kalavati, na mvua ya kwanza iliponyesha, maji yote ya kilima yakaelekezwa kwenye matuta ya fanya juu ambayo yeye na marehemu mumewe waliyachimba kwa msaada wa mwethya. Msimu mmoja ulitosha kuyabomoa. Afisi ya barabara ilimwambia kazi yake inaishia ukingoni mwa barabara. Ya kilimo ikasema haina mamlaka juu ya kalavati. Ya maji ikasema yenyewe hushughulika na maji ya mito na mabomba, na ya mazingira ikamwomba alete kwanza ripoti ya afisi ya kilimo. Hakuna aliyemtukana wala aliyemdanganya. Kila mmoja, kwa mujibu wa kanuni zake, alisema kweli.

Ndugu wasomaji, sera ya taifa kuhusu mabadiliko ya tabianchi, ikishavuliwa joho la lugha ya makongamano, ni jambo hilo hilo. Mvua imebadilika, na serikali ingali imegawanyika kana kwamba haijabadilika. Kuanzia mwishoni mwa 2020, misimu mitano mfululizo ilipita bila mvua ya kutosha katika sehemu kavu za nchi. Kisha Aprili 2024 mafuriko yakaingia nyumba za watu Athi River, katika kaunti hii hii yetu. Ukame una afisi yake, mafuriko yana yake, na barabara, mifugo na misitu kadhalika.

Si kwamba sheria haipo. Mswada wa kwanza ulipitishwa na Bunge, na mapema 2013 Rais Mwai Kibaki akakataa kuutia sahihi kwa hoja kwamba wananchi hawakushirikishwa vya kutosha. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ikapatikana mwaka 2016. Iliunda Baraza la Kitaifa ambalo mwenyekiti wake ni Rais mwenyewe, wakiketi naye Naibu wa Rais, mawaziri wa mazingira, fedha, mipango na kawi, mwenyekiti wa Baraza la Magavana, na wajumbe wa wafanyabiashara, wasomi, jamii zilizotengwa na mashirika ya kiraia. Iliagiza kila wizara na shirika la umma liwe na kitengo cha tabianchi chini ya afisa wa ngazi ya juu, na litoe taarifa kwa Baraza kila mwaka. Walioiandika waliujua ugonjwa wenyewe: waziri hamwamuru waziri mwenzake. Kwa hiyo kiti kikawekwa mahali ambapo mawaziri wote hawana budi kusikiliza, kama Farao alivyomweka Yusufu juu ya maghala yote kabla ya miaka ya njaa.

Dawa hiyo ina kasoro yake. Kiti cha juu kabisa ndicho chenye shughuli nyingi kabisa, na kisipoitisha mkutano, hakuna aliye chini yake awezaye kukilazimisha. Kwa miaka kadhaa Baraza lilibaki kwenye karatasi. Na hapa hatuna budi kusema ukweli unaotuuma sisi wenyewe: sehemu ya ucheleweshaji huo ilitokana na kesi juu ya nani awakilishe mashirika ya kiraia. Kiti kimoja kiligombewa hadi meza nzima ikakosa kuketi. Sheria ilirekebishwa Septemba 2023, siku chache kabla ya kongamano la viongozi wa Afrika mjini Nairobi, na sehemu kubwa ya marekebisho ilihusu biashara ya kaboni. Biashara si dhambi, ila kalavati la yule mama halimo katika soko hilo.

Litazameni Bwawa la Thwake, pale mito ya Thwake na Athi inapokutana. Limekusudiwa kutoa maji ya kunywa, ya umwagiliaji na ya umeme. Lakini Mto Athi hupokea Mto Nairobi, nao hubeba majitaka ya jiji na taka za viwanda. Anayejenga bwawa siye anayesimamia majitaka ya Nairobi, wala siye anayewashtaki wenye viwanda. Wasipoketi pamoja, Ukambani itakuwa imehifadhi, kwa gharama kubwa, uchafu wa mji mwingine.

Jirani zetu wa Makueni, tuliokuwa nao wilaya moja hadi 1992, hawakungoja Nairobi. Mwaka 2015 walitunga kanuni za hazina ya tabianchi ya kaunti, na sheria ya kulinda mchanga wa mito. Katika mchanga huo mkandarasi huona saruji, na mkulima huona kisima.

Wala sisemi amri kutoka juu pekee itatuokoa. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilitaka kuunusuru udongo wa Machakos kwa kuwanyang'anya watu ng'ombe. Muindi Mbingu akaongoza maelfu hadi Nairobi, wakakaa huko majuma kadhaa. Alipelekwa kizuizini Lamu, lakini unyang'anyi ule uliachwa.

Sheria ya 2016, pamoja na kifungu cha 70 cha Katiba, inamruhusu mtu yeyote kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi bila kuthibitisha kwamba yeye binafsi amepata hasara. Kabla ya kufika huko, kifungu cha 35 kinatupa haki ya kuuliza. Tunaziomba kamati za haki na amani za makanisa ziulize kila afisi ya serikali maswali mawili: mkuu wa kitengo chenu cha tabianchi ni nani, na taarifa yenu ya mwisho kwa Baraza iko wapi? NEMA, iliyopewa jukumu la kukagua utekelezaji huo, ipelekewe nakala.

Ile bahasha ya kaki sasa ina barua ya saba, iliyoandikiwa afisi zote nne kwa pamoja. Tumeomba majibu kabla ya mvua za Novemba.