Diski Mbili Ndani ya Kasha Moja si Akiba

Leo nina jambo lililonikaa rohoni kwa muda mrefu, na nimeona heri niliseme wazi hata kama litanipunguzia heshima kidogo mimi niliyesomea sayansi ya kompyuta kwa miaka minne.

Watu wengi huniuliza: "Nimenunua diski ya pili, niipangeje kwenye tarakilishi yangu ya mezani?" Swali zuri. Shida ni kwamba karibu kila mmoja anataka kusikia habari ya kasi na nafasi tu. Swali la kwanza linapaswa kuwa lingine kabisa: siku moja ya diski hizi ikifa, nitabaki na nini? Mimi nililijua swali hilo darasani. Nilipolikuta nje ya darasa, nilishindwa.

Mjomba wangu ana studio ndogo ya video huko Thika. Anarekodi harusi, ruracio, mazishi na mahafali. Mwaka 2019 nilimnunulia tarakilishi iliyokwishatumika ofisini, zile zinazouzwa Nairobi kwa bei nafuu. Madabodi yake ilikuwa na matundu 3 ya SATA. Nikaweka SSD ya gigabaiti 240 kwa ajili ya Windows, diski ya terabaiti 2 kwa ajili ya video, na tundu la tatu likachukuliwa na mashine ya kuchoma DVD. Mjomba alikuwa na desturi yake: kila kazi ikiisha anachoma DVD mbili, moja ya mteja na moja ya kabati lake.

Mwaka 2022 diski ikajaa. Mjomba akanunua nyingine ya terabaiti 2 akaniita. Matundu yameisha. Nikamwambia, "Mjomba, siku hizi nani anatazama DVD? Wateja wanataka flashi." Nikaichomoa ile mashine ya DVD, nikaitia kwenye katoni, na diski mpya ikachukua tundu lake. Halafu, kwa ujuaji, nikaziunganisha diski zile mbili kwa RAID 0 ili zionekane kama diski moja kubwa ya terabaiti 4 yenye kasi maradufu. Video za zamani nilikuwa nimezihamishia kwenye diski ya nje niliyoazima, nikazirudisha, nikaifuta ile ya nje na kuirejesha kwa mwenyewe. Mjomba alifurahi, akaninunulia nyama choma.

Hebu niwaeleze RAID 0 ni kitu gani. Mwaka 1988, Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha makala kuhusu kuunganisha diski ndogo za bei rahisi zifanye kazi ya diski moja kubwa na ghali. Wazo lao lilibeba ziada: diski moja ikifa, zilizobaki ziweze kuokoa data. RAID 0 haina ziada hiyo hata kidogo. Inakata kila faili vipande vipande na kuvigawa kwa zamu, kipande huku na kipande kule. Diski moja ikifa, ile nzima inabaki na nusu nusu za faili ambazo hazimsaidii mtu. Kwa hiyo ukiunganisha diski mbili hivyo, hatari ya kupoteza kila kitu ni karibu mara mbili ya kuwa na diski moja.

Mwaka 2023, baada ya stima kupotea na kurudi mara kadhaa jioni moja, diski moja ikaanza kulia tak, tak, tak. Asubuhi yake haikuonekana tena kwenye BIOS. Harusi mbili ambazo hazijakabidhiwa zikaenda nayo. Kadi za kamera zilikuwa zimeshafutwa zikatumika kwingine. Katika mojawapo ya harusi hizo, nyanya wa bibi harusi alisimama akambariki mjukuu wake kwa dakika kama kumi. Nyanya huyo alikuwa amefariki wiki mbili kabla ya diski kufa, na familia ilikuwa inaisubiri video ile kwa hamu.

Mjomba aliwarudishia pesa zote. Alienda mwenyewe nyumbani kwao, hakupiga simu. Aliporudi hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mjomba, ile mashine ya DVD bado uko nayo?"

Kazi zote za kabla ya 2022 zilikuwa salama ndani ya kabati, kwenye DVD. Kazi za baada ya mimi kuja na ujuzi wangu ndizo zilizopotea. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, nami niliuacha mchana kweupe.

Najua wengine watasema DVD ni mambo ya kale. Naomba kutofautiana nao kidogo. DVD ya kawaida inabeba gigabaiti 4.7, kwa hiyo video ghafi ya harusi yenye gigabaiti 60 itakula DVD 13. Hilo sikushauri. Lakini kazi iliyokamilika inaingia vizuri, na diski ya Blu-ray yenye gigabaiti 25 inabeba zaidi, ukiwa na mashine yake. Tena DVD-R ikishachomwa na kufungwa haiandikwi tena. Kirusi kinachofunga faili na kudai fidia hakiwezi kuigusa ikiwa kabatini, na stima ikichezacheza haina habari. Ubaya wake ni kwamba rangi inayobeba data huharibika kwa jua na joto, kwa hiyo iweke gizani na uijaribu mara kwa mara.

Wengine watasema, weka kila kitu mtandaoni. Sawa, piga hesabu. Gigabaiti 100 kwa kasi ya kupakia ya megabiti 10 kwa sekunde ni zaidi ya saa 22 bila kukatika. Ukiwa na fiba nzuri, fanya hivyo. Ukiwa unanunua bando, huwezi.

Basi, hivi ndivyo ninavyozipanga siku hizi.

Kwanza, hesabu matundu kabla ya kununua chochote. Enzi za IDE tulikuwa na waya mmoja mpana kwa vifaa viwili, mmoja bwana na mwingine mtumwa, na ukikosea kale kajampa mashine haioni kitu. SATA ilituondolea adha hiyo: kila kifaa na waya wake. Lakini matundu yana mwisho, na kwenye madabodi nyingi mpya ukichomeka SSD ya M.2, tundu moja au mawili ya SATA yanazimika. Soma kitabu cha madabodi. Matundu yakikuishia, nunua kadi ya PCIe ya kuongeza matundu ya SATA. Kadi hiyo ingeiokoa mashine ya DVD ya mjomba, nami sikuifikiria kwa sababu nilikuwa na haraka.

Pili, mfumo uwe kwenye SSD peke yake. Unapoweka Windows, chomoa diski nyingine zote kwanza. Usipofanya hivyo, inaweza kuweka sehemu ya kuwashia mashine kwenye diski nyingine, na siku ukiiondoa diski hiyo kompyuta haiwaki. Kwenye Linux, tumia UUID ndani ya fstab, kwa maana diski iliyoitwa sdb leo inaweza kuitwa sdc kesho.

Tatu, diski inayozidi terabaiti 2 itayarishe kwa GPT. MBR itakuacha na nafasi ambayo huwezi kuitumia.

Nne, angalia umeme. Diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka inaweza kuvuta ampea 2 hivi kwenye volti 12. Ukiwa na diski nne na pawasaplai ya bei ya kutupa, unajitafutia balaa. UPS ndogo ni bora kuliko diski ya tatu ya ndani.

Tano, na hapa ndipo maoni yangu yalipo: diski ya pili ya ndani iwe ya nakala au ya kazi, isiunganishwe na ya kwanza kwa RAID 0 kama ina kitu usichoweza kukirekodi upya. Hata RAID 1, ambayo huandika kila kitu mara mbili, si akiba. Ukifuta faili kwa bahati mbaya, inafutika kote. Mwizi akibeba kasha, amebeba nakala zote. Fuata kanuni ya 3-2-1: nakala 3, aina 2 za vyombo, na 1 ikae nje ya jengo.

Studio ya mjomba leo ina kadi ya PCIe, SSD, diski mbili zisizounganishwa, na mashine ileile ya DVD iliyotoka kwenye katoni. Diski ya nje inalala nyumbani kwake, wala si studioni. Kadi za kamera hazifutwi mpaka mteja achukue kazi yake. Sheria hiyo ya mwisho aliitunga yeye mwenyewe, na ni bora kuliko zangu zote.

Yule bibi harusi tulimpata na picha za simu za wageni, na kipande cha video cha sekunde arobaini kilichorekodiwa na binamu yake. Mkono wa nyanya unaonekana, sauti haisikiki vizuri. Nilimsafishia sauti kadiri nilivyoweza, nikamchomea DVD mbili.

Haya basi. Leo jioni fungua kasha lako, hesabu diski zako, kisha ujiulize lile swali la kwanza. Tuonane tena.