Mtunza Hesabu Si Yuda Peke Yake

Kila mwaka, kijana wa Masisi au wa Walikale anapomaliza darasa la nane, wazazi, wajomba na walimu hukaa kumchagulia njia. Aliye hodari wa hisabati hupelekwa Sayansi. Mwenye sauti ya kufundisha hupelekwa Ualimu. Msichana ambaye hakuna aliyemwuliza neno hupelekwa Ushonaji. Na yule aliyebaki, ambaye hakuna ajuaye vema anapenda nini, huambiwa: nenda Biashara na Usimamizi, huenda utapata kazi katika mashirika ya misaada. Hivyo ndivyo wahasibu wetu wengi wa kesho wanavyopatikana, kwa kubaki baada ya wengine kuchaguliwa.

Tunaandika juu ya jambo hili katika ukurasa wa tafakari, wala si katika gazeti la uchumi, kwa sababu tunaamini kwamba picha tuliyo nayo juu ya kazi hugeuka kuwa namna ya kuisoma, na namna ya kuisoma hugeuka kuwa namna ya kuifanya. Mahali ambapo fedha ya ng'ombe, ya maharagwe na ya madini hupita mikononi mwa watu wenye silaha na wasio na silaha, jambo hilo linagusa roho za watu na matumbo yao.

Picha yenyewe tunaijua sote. Mhasibu ni mtu mkavu, mpenda namba kuliko watu, anayejificha nyuma ya karatasi. Au ni mwizi mwenye kalamu: ukimkabidhi sanduku, umemkabidhi shamba avune. Meneja naye ni bosi, mtu wa kuketi na kuamuru, ambaye kazi yake ya kwanza ni kuwa na kiti kikubwa kuliko viti vya wengine. Na iko picha ya nne, isiyosemwa kwa sauti kubwa: kwamba mwanamke anafaa kutunza sanduku kwa kuwa haibi, bali mwenye kuamua sanduku litumikeje ni mwanamume. Katika vikundi vingi vya akiba tulivyoviona, mweka hazina ni mama na mwenyekiti ni baba, na watu huona hilo kuwa sheria ya maumbile.

Hatusemi picha hizi zimetoka hewani. Nchi hii imeishi miaka mingi chini ya kile tunachokiita kwa utani Kifungu cha 15, yaani jitegemee ujuavyo, na katika utani huo matabishi yamepata uraia. Kijana ambaye tangu utoto ameona karatasi yenye muhuri ikinunuliwa hawezi kulaumiwa akidhani kwamba kujifunza kuandika karatasi ni kujifunza kuiuza. Hata Injili ya Yohane inatukumbusha kwamba kati ya Thenashara aliyeshika mfuko alikuwa Yuda, na kwamba alikuwa akiiba vilivyomo. Mhubiri akifika hapo, macho ya waamini humgeukia mweka hazina wa parokia. Tumeliona, na tumecheka pamoja na wengine.

Lakini Maandiko hayo hayo yanamweka mtoza ushuru Mathayo mezani pake pa hesabu, na Yesu anamwita akiwa hapo hapo. Zakayo naye, baada ya kushuka mtini, tendo lake la kwanza la toba ni la kihasibu: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyedhulumiwa. Mtu asiyejua alichukua kiasi gani kwa nani hawezi kurudisha mara nne. Mtume Paulo, alipokusanya mchango kwa ajili ya Wakristo wa Yerusalemu, aliwaandikia Wakorintho kwamba alijihadhari asilaumiwe na mtu juu ya fedha ile, akitaka mambo yawe mema mbele ya Bwana na mbele ya wanadamu pia. Hilo la pili ndilo tunalolisahau. Mungu anaona moyo. Wanadamu wanahitaji daftari.

Wachache pia wanajua kwamba kitabu cha kwanza kilichochapwa kikieleza kwa utaratibu hesabu za maingizo mawili kiliandikwa na mtawa. Ndugu Luca Pacioli, Mfransisko, alikitoa Venezia mwaka 1494. Hakubuni njia hiyo. Wafanyabiashara wa mji ule walikuwa wakiitumia zamani. Yeye aliiandika ili ifundishike, akashauri kwamba madaftari ya kwanza ya mfanyabiashara yatiwe alama ya msalaba.

Sasa tuje kwenye namna ya kujifunza, maana hapo ndipo picha zile zinapozaa matunda. Mwaka 1976 wataalamu wawili wa Gothenburg, Sweden, Ference Marton na Roger Säljö, walieleza walichokiona walipowapa wanafunzi maandishi wayasome. Wengine walisoma wakitafuta maneno ya kukariri kwa ajili ya maswali yajayo. Wengine walisoma wakiuliza mwandishi anataka kusema nini. Wa kwanza walibaki juu ya maneno, wa pili walishuka chini yake. Tofauti ilitoka hasa katika kile ambacho kila mmoja alidhani anatakiwa kukifanya.

Ingia katika darasa la Biashara na Usimamizi uone. Mwanafunzi anajua kwamba akaunti 57 ni sanduku, 52 ni benki, 60 ni manunuzi, 70 ni mauzo. Anazitaja kama litania. Amefundishwa kwamba tangu Kongo ilipoingia OHADA mwaka 2012 tunafuata utaratibu mmoja na nchi nyingine za Afrika, na kwamba utaratibu huo ulifanyiwa marekebisho yaliyoanza kutumika mwaka 2018. Hayo yote ni kweli na yanaulizwa katika mtihani wa Dola. Lakini mpe daftari la mama anayeuza maharagwe sokoni Masisi, umwulize kama mama huyu anapata faida, naye atakutazama kama mtu aliyeulizwa njia katika mji asioujua. Aliyeambiwa kwamba uhasibu ni ukavu na ukariri, atakariri. Aliyeambiwa kwamba ni njia ya wizi, atatafuta mahali pa kupenya. Hakuna aliyemwambia kwamba ni namna ya kusoma maisha ya watu.

Tuchukue chukudu, chombo kisichohitaji maelezo kwa msomaji wa kwetu. Tuseme kijana amenunua chukudu kwa dola 90, nayo itadumu miaka 3. Anasukuma viazi kutoka Sake hadi Goma, na kila jioni anahesabu alichopata, anatoa chakula chake, na kinachobaki anakiita faida. Mwaka wa tatu ubao unapasuka, naye hana hata dola 10 za kuanzia nyingine. Watu husema ana mkosi, wengine husema amelogwa. Ukweli ni kwamba kila mwezi alikuwa akila dola 2 na nusu za chukudu yake bila kujua. Mwalimu huita jambo hilo uchakavu na kulitolea ufafanuzi wa mistari minne. Tungependa alifundishe kwa chukudu, kisha ufafanuzi ufuate. Vivyo hivyo jibini ya Masisi, inayosifiwa hadi Kinshasa: kilo moja hudai takriban lita 10 za maziwa, na bado hujahesabu chumvi, kuni na siku ya mtu. Je, mfugaji anayeiuza kwa bei aliyotajiwa na mchuuzi anajua kama ameuza jibini, au amegawa maziwa?

Walikale inatupa somo gumu zaidi. Kwa miaka mingi kasiteriti ya Bisie ilitoka msituni migongoni mwa watu, magunia ya kilo 50, mwendo wa siku nzima na zaidi hadi Njingala, na njiani kila kizuizi kilidai chake. Mchimbaji alijua uzito wa gunia mgongoni. Waliojua bei yake, na waliojua nani amekatwa kiasi gani na kwa sababu gani, walikuwa wengine. Serikali iliposimamisha uchimbaji katika Kivu mbili na Maniema mwezi Septemba 2010, familia zilizokuwa zimetegemea machimbo zilibaki zikiulizana fedha ya miaka yote ile ilikwenda wapi, na hapakuwa na karatasi ya kuwajibu. Hatudai kwamba daftari lingeshinda bunduki. Lakini asiye na maandishi hawezi hata kudai.

Na tangu Januari 2025, Goma ilipoingia mikononi mwa M23 na mabenki kufunga milango, wengi wetu tumejifunza upya thamani ya sanduku la kikundi cha akiba: sanduku la bati lenye kufuli tatu, na kila ufunguo kwa mtu wake. Yule mama asiyesoma aliyeshika ufunguo wa pili ndiye udhibiti wa ndani ambao mwanafunzi wetu anaukariri kwa Kifaransa bila kuuona. Laiti mwalimu angempeleka siku ya mkutano akaketi nyuma, akasikiliza jinsi michango inavyotajwa kwa sauti mbele ya wote, na jinsi kila mmoja anavyoikumbuka ya mwenzake!

Tunaye sasa pia shahidi wa kwetu. Floribert Bwana Chui, mzaliwa wa Goma, alisoma sheria, akafanya kazi katika Ofisi ya Kongo ya Udhibiti, ambako alipaswa kukagua vyakula viingiavyo. Alipewa fedha ili aruhusu mchele ulioharibika. Alikataa, na mwaka 2007 aliuawa, akiwa na umri wa miaka 26. Papa Fransisko alimtaja mbele ya vijana mjini Kinshasa mwezi Februari 2023, na tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenyeheri katika Basilika la Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, Roma. Mara nyingi tunamhubiri kama kielelezo cha ujasiri, nasi tunakubali. Ila tunaongeza jambo moja ambalo mahubiri hulipita haraka: Floribert alielewa karatasi yake. Kwa aliyekariri tu, fomu ile ilikuwa mahali pa sahihi. Kwake ilikuwa ni watu watakaokula. Mtu hawezi kufa kwa ajili ya namba asiyoielewa.

Ndiyo maana hatupendi kusikia vijana wa Xaveri au wa Kizito-Anuarite wakiambiwa wachague uhasibu kwa kuwa ni kazi nyepesi ya mezani, wala waukimbie kwa kuwa ni kazi ya wezi. Katika wilaya zetu hizi mbili si nyepesi, na anayeifanya kwa haki hujiweka mahali pa hatari. Mwambieni hivyo kijana mapema, kabla ya kuandikishwa, naye ajue anaitwa wapi.

Na parokia nazo zisiwe wasemaji tu. Sheria za Kanisa, katika kanuni ya 537, zinataka kila parokia iwe na halmashauri ya fedha, na kanuni ya 1284 inawataka wasimamizi wa mali watunze vizuri madaftari ya mapato na matumizi. Tunajiuliza kwa nini halmashauri hiyo, mahali inapokuwapo, huwa ni wazee watano na padri paroko, wakati benchi la nyuma limejaa vijana waliosoma miaka minne ya hesabu na hawajawahi kushika daftari la kweli hata siku moja. Wengine watasema vijana wataropoka. Huenda. Lakini kama hesabu za sadaka ni safi, kuropoka kwao ni tangazo la bure. Na kama si safi, tatizo halikuanzia kwa vijana.

Tunapendekeza kwa mapadri na viongozi wa mashirika wa Masisi na Walikale kwamba kabla ya Majilio kila parokia iwateue vijana wawili, msichana na mvulana, waketi na mweka hazina kila Jumapili alasiri sadaka inapohesabiwa. Waandike wao. Mwezi ukiisha, msichana ndiye asome mapato na matumizi mbele ya waamini, naye aulizwe maswali, na ayajibu.